Kuishi kwa kuandika miongozo ya programu huria ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa, walimu wa kompyuta wa sekondari, na vijana wa stationery za Mafinga na Makambako ambao wanaijua kompyuta kuliko wanavyolipwa. Nimeyaacha kwa lugha waliyoulizia. Naamini kazi hii inafanyika kutoka huku kwetu, na pale ilipo ngumu nimesema ni ngumu.

Programu yenyewe inatolewa bure. Nani atamlipa mtu wa kuandika maelezo yake?

Atakayelipa ni yule anayepata hasara programu isipotumika vizuri. Leseni huria inampa kila mtu ruhusa ya kutumia programu, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuusambaza. Haimpi mtu wa kumkalisha karani wake chini na kumwonyesha pa kubonyeza. Hospitali iliyoweka mfumo huria, chuo kilichohamishia masomo kwenye Moodle, kampuni yenye seva mia za Linux, wote wana tatizo moja: kitu wanacho, wanaojua kukitumia hawatoshi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1985 Richard Stallman, akiwa ameacha kazi ili aujenge mfumo endeshi huria wa GNU, alijipatia riziki kwa kuuza kanda yenye Emacs, programu ya kuhariri maandishi, kwa dola 150, wakati huohuo aliyekuwa na mtandao aliweza kuichukua bila kulipa chochote. Free Software Foundation, taasisi aliyoianzisha mwaka huohuo, iliuza pia miongozo iliyochapwa vitabu, na mnunuzi aliruhusiwa kuinakili. Watu walilipia kwa sababu kitabu kilichopangwa vizuri mezani kina thamani hata kama maneno yake yako wazi kwa wote.

Kwa hiyo unachouza ni muda wako, uvumilivu wako wa kuijaribu kila hatua, na uwezo wa kumwelewa msomaji. Andiko lenyewe linabaki la wote.

Dada, mimi sijui kuandika programu. Naweza kweli?

Unaweza, ila usiogope dirisha la amri. Utahitaji Git, programu inayotunza kila badiliko la mafaili ndani ya folda iitwayo hifadhi, utahitaji Markdown au reStructuredText, yaani alama nyepesi za kupangia maandishi, na utahitaji kusoma ujumbe wa hitilafu mpaka mwisho badala ya kuufunga. Vitu hivyo mtu anajifunza jioni baada ya kazi. Walioitengeneza programu wameizoea mno, hatua mbili tatu wanaziruka bila kujua. Wewe unayekwama ndiye unayeziona.

Nianzie wapi?

Anza na programu unayoitumia tayari, na mahali ulipokwama. Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna karibu kazi yote.

QGIS ni programu huria ya ramani. Tuseme afisa ugani wa Rungwe ana orodha ya mashamba ya viazi kwenye faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu), kila shamba na namba zake za GPS. Anaifungua QGIS, anaingiza faili, anaulizwa safu ipi ni X na ipi ni Y. Simu yake ilimpa latitudo kwanza, kwa hiyo anaweka latitudo kwenye X. Mbeya mjini ni kama -8.9 kwa latitudo na 33.45 kwa longitudo. Akizigeuza, mashamba yake yanatokea baharini karibu na pwani ya Moroko. Akizipanga sawa lakini alama ya kutoa ikapotea wakati wa kunakili, mashamba yanahamia Sudan Kusini. Programu haitamlalamikia, kwa sababu kwake hizo ni namba halali.

Mwongozo unaosema tu "chagua safu ya X na safu ya Y" haujamsaidia mtu huyu. Unaomsaidia unasema hivi: "Kwenye X weka longitudo, kwenye Y weka latitudo. Kwa Tanzania, longitudo ni kati ya 29 na 41, na latitudo lazima ianze na alama ya kutoa. Vitone vikitokea baharini upande wa Moroko, umezigeuza. Vikitokea kaskazini ya ikweta, alama ya kutoa imepotea." Sentensi nne. Ili uziandike ilibidi ukosee makusudi mara mbili na kutazama kinachotokea. Uandishi wa miongozo ni kazi ya namna hiyo siku nzima.

Ukishapata kitu kama hicho, nenda kwenye hifadhi ya nyaraka za mradi, soma maelekezo yao kwa wachangiaji, nakili hifadhi, rekebisha ukurasa mmoja, tuma pendekezo la mabadiliko. Ukurasa mmoja tu. Mgeni anayeleta mabadiliko ya kurasa arobaini hasomwi, na wanaopokea hawana kosa: wengi wao wanajitolea usiku baada ya kazi zao.

Kuna jambo moja la nadharia ambalo ningependa kila anayeanza alisome: mpango wa Daniele Procida unaoitwa Diátaxis. Anagawa nyaraka katika aina nne: somo la kumshika mgeni mkono, maelekezo ya kukamilisha kazi fulani, rejea ya kuangalia jambo haraka, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako hivyo. Kurasa nyingi mbovu nilizozisoma zimechanganya hizo nne. Mtu anataka kuweka nakala rudufu ya data kabla umeme haujakatika, anakutana kwanza na aya sita za historia ya hifadhidata.

Nahitaji kompyuta ya namna gani? Na bando?

Kompyuta mpakato iliyotumika inatosha, ilimradi ibebe Linux na kivinjari bila kukwama. Kuhusu bando, kazi hii ni nyepesi kuliko karibu kazi zote za mtandaoni, kwa sababu unashughulika na maandishi matupu. Ukishaichukua hifadhi mara moja, Git inafanya kazi bila mtandao: unaandika, unahifadhi mabadiliko, unarudi nyuma, yote kwenye mashine yako. Programu za Sphinx na MkDocs zinakutengenezea tovuti nzima ya mwongozo uitazame kwenye kivinjari ukiwa hujawasha data. Jioni unawasha simu, unasukuma mabadiliko, unazima.

Umeme ndio wa kupangia. Betri ikiwa imechoka, ibadilishe kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kiingereza changu ni cha shule ya kata. Je?

Kazi nyingi zinazolipwa na watu wa nje ni za Kiingereza, na lazima ukifanyie mazoezi. Lakini Kiingereza cha miongozo ni chembamba: sentensi fupi, wakati uliopo, kitendo kimoja kwa kila hatua, neno lilelile kwa kitu kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho. Google na Microsoft wameweka wazi vitabu vyao vya mtindo wa kuandika kwa mafundi, na kusoma hulipi. Chukua kimoja, kifuate miezi kadhaa, utaona tofauti.

Wasomaji wengi wa nyaraka hizi duniani nao wamejifunza Kiingereza darasani kama wewe. Unajua sentensi ipi itawakwamisha, kwa kuwa ingekukwamisha na wewe.

Wanaolipa ni akina nani hasa?

Mpango wa Outreachy huchukua watu mara mbili kwa mwaka kwa mafunzo ya miezi mitatu, kila mtu akiwa kwao, kwa posho ya dola 7,000. Ilianzia kwenye mradi wa GNOME mwaka 2006 ikiwalenga wanawake. Sasa inawapokea wote wanaobaguliwa au walio wachache katika teknolojia nchini mwao. Si lazima uwe mwanafunzi, na baadhi ya miradi yake ni ya nyaraka tupu. Ushindani ni mkali. Kinachoamua ni michango unayoitoa kwenye mradi katika kipindi cha maombi, kwa hiyo anayeanza kujifunza Git siku hiyo amechelewa.

Google ilianzisha mpango wa Season of Docs mwaka 2019 kwa ajili ya waandishi peke yao. Kuanzia 2021 fedha zilipewa mradi, na mradi wenyewe ulimtafuta mwandishi na kumlipa. Kabla ya kuipangia bajeti, hakikisha kama kwa mwaka husika imefunguliwa.

Kisha kuna ruzuku. NLnet, taasisi ya ufadhili ya Uholanzi, huanza na maombi ya kati ya euro 5,000 na 50,000 kwa miradi huria, na nyaraka zinaweza kuwa sehemu ya kazi iliyoombewa. Usiombe ukiwa mwandishi wa peke yako. Unaungana na watengenezaji wanaokufahamu. Miradi mingine hukusanya michango kupitia tovuti ya Open Collective, ambapo mapato na matumizi yanaonekana hadharani. Pitia uone kama wamewahi kumlipa mtu wa nyaraka. Kama wamewahi, watalipa tena.

Mwisho ni ajira. Canonical wenye Ubuntu, Red Hat, SUSE na GitLab wana waandishi wa kudumu, na GitLab haina ofisi kabisa, kila mtu anafanyia kazi alipo. Nafasi hizi zinaombwa na dunia nzima. Mtu anayeingia huwa tayari ana kurasa zake hadharani, zenye jina lake.

Hapahapa kusini hakuna wateja?

Wapo, na nadhani tunawapita tukikimbilia dola.

Angalia afya. DHIS2, mfumo huria unaoendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, ndio unaopokea takwimu za MTUHA, yaani taarifa za huduma za vituo vya afya, nchini. Mwongozo wake mkubwa uko wazi na umeandikwa kwa Markdown. Lakini muuguzi wa zahanati aliyemaliza kujumlisha vitabu vya MTUHA saa kumi na moja jioni haufungui mwongozo wa Kiingereza wenye sura ishirini. Anachohitaji ni karatasi mbili za Kiswahili ukutani: namna ya kuingia, namna ya kuchagua kituo na mwezi, namna ya kugundua kwamba jumla aliyoingiza haiendani na kitabu. Mashirika yanayofadhili mafunzo ya takwimu hulipia vifaa vya mafunzo. Wakikutana na mtu mwenye karatasi hizo mbili tayari, zikiwa zimejaribiwa na wauguzi wawili watatu, mazungumzo yanakuwa mengine.

Angalia maktaba zinazotumia Koha, shule zenye maabara ya kompyuta zilizowekewa Linux, AMCOS (chama cha ushirika) ya kahawa inayotunza daftari la wanachama kwenye LibreOffice Calc, halmashauri zinazochora ramani kwa QGIS. Mahali pengi hapa mtu mmoja ndiye anayeujua mfumo. Akihamishwa, kila kitu kinasimama. Nenda wiki ambayo mtu huyo bado yupo, kaa naye, andika anachofanya, kijaribu mwenyewe, kisha mpe mkuu wake sura ya kwanza aisome. Usimwambie meneja kwamba unaandika nyaraka. Mwambie: "Mzee, Amani akienda masomoni mwezi wa tisa, ofisi itaendelea kufanya kazi." Hilo analielewa mara moja.

Malipo ya hapa ni madogo kuliko ya nje na yanachelewa. Nakubali. Lakini mteja unamfuata kwa daladala, na mafunzo ya siku mbili yakiambatana na mwongozo mara nyingi yanaleta zaidi ya mwongozo wenyewe. Sehemu zinazofaa kwa kila mtu zirudishe kwenye mradi mkuu, kwa ruhusa ya aliyekulipa. Hapo kazi ya Njombe inaonekana Oslo.

Na kutafsiri kwa Kiswahili?

Tafsiri ya programu huria kwa Kiswahili ina historia yake. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyingi ya kazi hiyo hadi leo ni ya kujitolea, na ninashauri uifanye kwa kiasi, kwa sababu inakufundisha istilahi na inakujulisha kwa watu. Lakini kama unahitaji kodi ya nyumba ya mwezi ujao, usiitegemee.

Nitoze kiasi gani?

Usitoze kwa neno. Mwongozo mzuri ni mfupi, na kuufupisha ndiko kunakokula siku. Toza kwa kazi iliyokamilika, baada ya kuhesabu saa zako kwa ukweli: kuisakinisha programu na kuitumia, kuwahoji wanaoijua, kuandika, kumkalisha mtu asiyeijua afuate hatua wewe ukiwa kimya pembeni, kisha kurekebisha. Kuandika kwenyewe huwa sehemu ndogo ya hizo saa.

Weka kwenye makubaliano mambo haya: kurasa zipi, toleo lipi la programu, marekebisho ya awamu mbili ndani ya bei, na kwamba toleo jipya likitoka ni kazi nyingine. Omba sehemu ya malipo kabla ya kuanza. Mteja wa kweli hashangai.

Hela ya nje inanifikiaje?

Uliza kabla ya kukubali kazi, maana si kila njia ya malipo ya mtandaoni inampa Mtanzania uwezo wa kupokea. Njia ya uhakika ni benki kwa benki kupitia SWIFT, kwenye akaunti ya dola. CRDB na NMB zote zinafungua. Kagua kwanza neno dogo kwenye fomu ya mtumaji: OUR maana yake gharama zote ni zake, SHA mnagawana, BEN zote zinakatwa kwako. Benki ya katikati inaweza kukata njiani bila kukuuliza. Kwa malipo madogo hiyo inauma, kwa hiyo andika OUR kwenye ankara yako, au omba malipo ya miezi miwili yaunganishwe.

TRA?

Chukua TIN, namba ya mlipakodi. Hutozwi kitu kuipata, na namba yako ya NIDA inatosha kuanzia. Tunza kila ankara na taarifa ya benki, na nenda ofisi ya TRA ya mkoa wako waeleze unafanya nini. Kwa mteja wa ndani, andika bei kwa shilingi: kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Nilichoandika ni cha nani?

Inategemea mkataba na leseni ya mradi. Nyaraka nyingi huria ziko chini ya leseni za Creative Commons, mara nyingi ile inayotaka utajwe na anayebadili aachie kwa masharti hayohayo, au chini ya leseni ya nyaraka ya GNU ya mwaka 2000. Mwenzako anaweza kuchukua ukurasa wako akauchapa na kuuuza, na ni haki yake akifuata masharti. Unachobaki nacho ni historia ya Git inayoonyesha nani aliandika mstari upi na lini. Hiyo ndiyo barua yako ya maombi ya kazi. Mteja akitaka usirushe kitu mtandaoni, sawa, ila aseme kabla na bei izingatie hilo.

Akili mnemba haitaimaliza kazi hii?

Sehemu ya kazi imeshachukuliwa: rasimu za haraka, kunyoosha sarufi, muhtasari. Kwa anayejifunza Kiingereza ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba inaandika kwa ufasaha hatua ambazo hazipo. Itakutajia kitufe kisichokuwepo kwenye toleo lako, na karani wa Kyela atakitafuta asubuhi nzima. Lazima mtu aketi aijaribu kila hatua kwenye mashine halisi, na huyo ndiye anayelipwa. Kagua pia sera ya mradi: Gentoo, mradi mmoja wa Linux, kwa mfano, ilikataza mwaka 2024 michango iliyotengenezwa kwa akili mnemba.

Nimetuma pendekezo, wiki tatu kimya.

Kumbusha mara moja, kwa adabu, kwa sentensi mbili. Kimya kikiendelea, hamia mradi mwingine. Tazama kwanza kama mapendekezo ya wengine yanajibiwa. Mradi usiojibu mtu hautakulipa.

Mikutano inakuwa saa ngapi?

Wengi hupanga kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Ongeza saa tatu: 15:00 UTC ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Majira ya wenzetu wa Ulaya na Marekani yanabadilika mara mbili kwa mwaka, yetu hayabadiliki, kwa hiyo mwezi wa tatu na kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja kagua upya. Ukiandikiana na Mtanzania mwenzako, taja asubuhi au jioni, maana saa 3:00 ya kwenye kompyuta na saa tatu ya mdomoni si moja.

Mzee wangu anaona nimekaa tu ndani na kompyuta. Niache kazi ya kufundisha nijitose?

Usiache. Kipato cha kazi hii kinakuja kwa mafungu, miezi mingine haina kitu, na mwanzoni utachangia bila malipo kwa muda. Fanya jioni na wikiendi mpaka uwe na wateja wawili waliorudi wenyewe na akiba ya kukupitisha miezi mibaya. Mzee naye mwonyeshe. Fungua ukurasa wenye jina lake la ukoo, mweleze nani anausoma na kwa kazi gani. Ana haki ya kujua mwanawe anafanya nini.

Kuna kundi la WhatsApp linataka nilipe 50,000 ya usajili niunganishwe na kazi za Outreachy.

Usilipe. Outreachy haitozi ada, na hakuna mradi huria wa kweli unaomtoza mwandishi ili achangie. Maombi yanafanyika kwenye tovuti yao wenyewe, bure, na wewe mwenyewe. Ukishalipa, wapigie kampuni ya simu na benki yako mara moja, kisha nenda polisi na namba iliyopokea fedha pamoja na picha za skrini za mazungumzo yote, kabla hawajakuondoa kwenye kundi.